Afisa Aliyekataa Gari

Kwa miaka saba nilikuwa dereva wa mtu asiyepanda gari. Ukinicheka una haki, maana hata mimi nilijicheka. Kila asubuhi nilifika ofisini, nikaliosha gari, nikapangusa vioo, nikatazama upepo wa magurudumu, halafu nikafunga milango na kumfuata Bi Afisa kwa miguu.

Alikuwa afisa wa mipango ya usafiri. Kazi yake ilikuwa kufikiria namna watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe watakavyofika makazini na kurudi majumbani bila kuteseka. Alipopewa cheo alipewa na gari, jeupe, la milango minne, pamoja nami ndani yake. Siku ya kwanza nilivaa shati la mikono mirefu nikamfungulia mlango wa nyuma. Akautazama ule mlango, kisha akanitazama mimi.

"Weye ndiwe dereva?"

"Naam. Shikamoo, Bi Afisa."

"Marahaba. Wakaa wapi?"

"Mtopanga."

"Nami nakaa Mtopanga. Asubuhi waja na nini?"

Nikamwambia naja na matatu hadi ofisini, ndipo nachukua gari.

"Basi funga mlango huo," akasema. "Kesho tutaonana stendi."

Tangu siku hiyo aliniita Dereva, hata tulipokuwa tunatembea juani jasho linatutiririka. Madereva wenzangu walimwita Afisa Miguu, na mimi wakaniita Utingo wa Miguu. Nilikasirika kwa muda, nikazoea. Mtu huzoea lolote isipokuwa njaa.

Sijui habari za utoto wake na sikuwahi kumuuliza. Ninachokijua ni kilichomo mkobani mwake: mwavuli, futi ya chuma ya kuvuta, daftari lenye jalada gumu na chupa ya maji. Buibui lake lilikuwa limepauka mabegani kwa jua, na chini yake alivaa raba nyeupe za kufungwa kamba. Siku za hafla kubwa wenzake walikuja na viatu vya visigino, yeye na raba zake. Mkuu mmoja alimtania kwamba anaonekana kama anakwenda kukimbia mbio. Akamjibu kwamba wanawake wa Kisauni hukimbia kila asubuhi, tena hawapewi nishani.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa namna yake ya kuhesabu. Ofisi ilikuwa na mashine ya kuhesabu magari, lakini yeye alisema mashine ile haina akili, maana gari lenye mtu mmoja na matatu yenye watu kumi na wanne kwake ni kitu kimoja. Yeye alihesabu vichwa, na alivihesabu kwa tasbihi. Mkono wa kulia alishika tasbihi ya mbao, ya abiria na waendao kwa miguu. Mkono wa kushoto alishika ya plastiki ya kijani, ya watu waliomo kwenye magari yao. Alisimama kando ya barabara tangu jua linachomoza, midomo ikimchezacheza, na watu wakimpisha kwa heshima wakidhani yuko katika nyiradi. Mzee mmoja alimjia akamwomba amtilie dua mwanawe anayetafuta kazi bandarini. Bi Afisa akainua mikono, akaomba vizuri hadi amina, mzee akaondoka ameridhika.

"Sasa nimepoteza hesabu," akaniambia. "Twaanza tena."

Nilimuuliza kama si dhambi kuhesabia magari kwa tasbihi. Akasema hahesabu magari, anahesabu viumbe vya Mola, na kila punje ni mja mmoja. Ninachokumbuka ni kwamba barabara ilijaa magari pomoni, lakini tasbihi ya plastiki ilijikokota, ile ya mbao ikizunguka mpaka kidole gumba chake kikaota sugu.

Usidhani aliwachukia wenye magari. Alisema mwenye gari si adui, ni abiria aliyekata tamaa. Alikata tamaa siku aliyongoja saa nzima, au aliyonyeshewa mvua, au aliyoteremshwa katikati ya njia kwa sababu makanga, utingo wa matatu, ameona askari mbele. Akaenda akakopa akanunua gari. "Huyo hutamtoa garini kwa hotuba," alisema, na maneno haya nimeyasikia mara nyingi hata nayakariri usingizini. "Mtoe kwa basi lifikalo kwa wakati, na kivuli cha kulingojea, na njia ya kulifikilia asikanyagwe. Ukiyatenda hayo, gari lake ataliuza mwenyewe." Na wakubwa wakimwambia waongeze tu upana wa barabara, aliwauliza kama mtu mwenye tumbo kubwa hupona kwa kulegeza mkanda.

Na makanga je? Aliwagombeza kana kwamba amewazaa yeye. Muziki ukizidi alipiga paa la matatu kwa mpini wa mwavuli. Siku moja utingo kijana, mtu wa bara, alimwambia bibi kizee mwenye kikapu cha samaki asubiri gari la nyuma. Bi Afisa akaenda akasimama mbele ya matatu, akafungua mwavuli, akatulia.

"Mathe, unatublokia!" kijana akapiga kelele.

"Mathe ni huyo uliyemwacha. Mpandishe, nami nitaondoka."

Akampandisha. Lakini wiki hiyo hiyo askari walipokuja kuwafukuza makanga wote pale stendi kwa marungu, ni yeye aliyejiweka katikati. Aliwauliza askari wanawafukuzia wapi, na ni nani amewawekea mahali pa kusimama. Kijana yule akajificha nyuma ya buibui lake. Ndivyo alivyokuwa, hujui atakuwa upande wako lini.

Kuna jambo jingine, na sina budi kulisema ingawa yeye hakupenda lisemwe. Magari madogo yalimchafua roho. Ukimfungia vioo, ukimwashia kiyoyozi, ukimtilia na manukato, tumbo lilimgeuka papo hapo. Kwenye matatu, na madirisha wazi na upepo, alikaa salama. Mpaka leo sijui kama alikataa gari kwa imani au kwa tumbo. Nilimuuliza mara moja. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema Mungu humpa mja tumbo linalolingana na kazi yake. Mimi naamini vilikuwa vyote viwili, na sioni aibu yake iko wapi.

Nyuma ya mlango wa ofisi yake ilining'inia ramani ndefu aliyoichora mwenyewe, ya barabara ya kwetu. Mstari wa manjano ulikuwa njia ya asubuhi ya mabasi na matatu peke yake, ili aliyepanda pamoja na wenzake apite haraka kuliko aliyepanda peke yake. Kisanduku cha buluu kilikuwa stendi yenye paa na benchi. Na mstari wa kijani ulikuwa njia ya miguu, ya saruji, yenye ukingo wa mawe, kutoka kinu cha kusagia unga hadi stendi. Ni fupi, mtu hajamaliza kula hamri moja ameshafika. Lakini pale hapakuwa na pa kukanyaga. Upande huu lami, upande huu mtaro, na katikati ukanda wa mchanga ambao magari yaliupanda kila foleni ilipokaza.

Mke wangu alipita ukanda huo kila alfajiri. Alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo huko Changamwe, magari mawili kwenda na mawili kurudi, na geti lilifungwa kwa wakati. Ukichelewa unarudi nyumbani, ukirudia tena usije kabisa. Mara mbili aliruka gari akaangukia mtaroni, akafika kazini na matope hadi kiunoni. Mimi nilikuwa dereva wa gari jeupe ambalo lilishinda limeegeshwa tupu kivulini, na kanuni zilinikataza kumpakia mke wangu. Nilimwambia avumilie. Yeye akaacha kuniuliza habari za gari, akawa ananiuliza swali moja tu kila Ijumaa nikirudi.

"Ile njia ya miguu itajengwa lini?"

Walikuwa wakikutana na Bi Afisa pale stendi, wakawa marafiki wa kungojea. Mke wangu alimletea mahamri, yeye akamshikia pochi akipanda gari. Bi Afisa alimweleza ramani yote kwa kuchora mchangani na ncha ya mwavuli. Siku moja, mimi nikiwapo, alimshika mkono akamwambia, "Mwaka huu utakanyaga saruji, mwanangu, inshallah." Mke wangu si mtu wa kuamini ahadi za serikali, lakini hiyo aliiamini. Nilimwona alivyotembea siku hiyo.

Wakubwa wa ofisi walisikiliza mpango ule vizuri mpaka ukurasa wa mwisho. Hapo Bi Afisa alikuwa ameandika kwamba kabla ya kumwomba mwananchi yeyote aache gari lake, wafanyakazi wa ofisi yetu waanze wao, siku mbili kwa wiki waje kwa magari ya abiria, na nusu ya maegesho yetu yafungwe. Alisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tunapanga vitanda vya watu tukiwa tumelala kwingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chai. Niliona nyuso zinavyofungwa, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepinga. Walisema tu kwamba ni vyema wananchi waulizwe kwanza, na wakikubali wa Mtopanga, sahihi itatiwa.

Sasa sikiliza kosa langu.

Kabla ya mkutano wa Mtopanga tulifanya mmoja Timbwani, kule Likoni. Bi Afisa alivuka kwa feri na umati, akapanda mlima kwa miguu, raba zake zikiwa vumbi tupu, akaingia ukumbini kimya kimya. Waandalizi walimdhania ni mmoja wa akina mama waliokuja kupika, wakamwelekeza jikoni. Mkutano ukaanza bila yeye, viti vya mbele vitupu vikimngojea mgeni rasmi ambaye alikuwa nyuma amekaa karibu na sufuria za pilau. Alipojitambulisha watu walimtazama kwa huruma. Yeye alicheka njia nzima ya kurudi. Mimi sikucheka, niliumia.

Halafu wiki moja kabla ya siku yetu, nikiwa kwa kinyozi hapa Mtopanga, nikasikia wazee wanazungumza. Walisema afisa yule amenyang'anywa gari. Mwingine akasema kama ameshindwa kuhifadhi gari lake, atahifadhi barabara yetu? Mzee mmoja ninayemheshimu, tunaswali safu moja, akanigeukia.

"Mwambie Bi Afisa wako aje na heshima zake. Watu wa huku hawamsikizi mtu aliyekuja kama ombaomba."

Wallahi nilimwamini. Kwetu mgeni wa maana husikika kabla ya kuonekana. Watu husikia mlango wa gari, wakasimama, wakatengeneza kanzu, ndipo masikio yakafunguka. Nilikwenda kwa Bi Afisa nikamsihi. Nilimwambia siku moja tu. Nilimwambia si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya ule mstari wa kijani. Akazungusha tasbihi ya mbao bila kuhesabu kitu.

"Haya," akasema. "Siku moja."

Sikuwahi kuliosha gari kama siku ile. Nilipiga rangi nyeusi magurudumu, nikatandika vitambaa vyeupe vitini. Nikanunua na kile kichupa cha kuning'iniza, chenye harufu ya limau, ili anukiwe vizuri. Nikawasha kiyoyozi, nikafunga vioo. Lile tumbo lake nililijua vizuri sana, na siku hiyo nililisahau. Furaha ya kumwendesha ilinipofusha. Njiani sikumtazama kiooni hata mara moja, nilikuwa natazama watu wanavyotutazama.

Tulifika. Nikashuka nikamfungulia mlango, na kweli watu walisimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Aliingia akakaa kiti cha mbele, dua ikasomwa, akapewa nafasi. Alianza kwa shida. Hajamaliza hata habari za benchi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi akainua mkono. Huyu mbele ya duka lake ndipo mstari wa kijani ulipopita, na ndipo alipoegesha magari yake mawili.

"Bi Afisa, karibu kwetu," akasema, kwa sauti tamu. "Twakujua. Miaka yote twakuona pale stendi, twasema huyu ni mwenzetu. Leo umekuja kutwambia tupande matatu, nawe umeshushwa mlangoni na gari la serikali, vioo juu, baridi ndani. Jamani, mkuki kwa nguruwe?"

"Mtamu!" ukumbi mzima ukaitikia.

"Kwa binadamu?"

"Mchungu!"

Walicheka mpaka viti vikalia. Hata wale waliokuwa upande wetu walicheka, maana methali ikiitwa lazima iitikiwe. Bi Afisa alisimama. Alifungua kinywa kusema, akaweka leso mdomoni, akatoka nje upesi, akatapika nyuma ya ukuta. Wao walidhani ni aibu. Mimi nilijua ni limau langu. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, funguo mkononi, na sikuthubutu kusema, "Wazee, ni mimi niliyemshurutisha. Huyu hapandi gari." Maneno hayo yangetosha. Nimeyasema peke yangu mara nyingi baadaye. Siku ile niliogopa kucheka kwao, basi.

Mpango ukaandikwa kuwa wananchi wameukataa. Wakubwa hawakuuliza mara ya pili.

Mvua za masika zilizofuata, mke wangu aligongwa karibu na kinu. Wala si matatu iliyomgonga, kama watu wanavyopenda kudhani. Ni gari dogo, mtu mmoja ndani, mfanyakazi anayewahi kazini kama yeye. Foleni ilikuwa imekaza, akapanda ukanda wa mchanga ili apite, tope likamvuta. Alishuka akawa analia kuliko mke wangu. Sikuweza kumchukia, na nilitaka sana kumchukia. Mguu wa kulia ulivunjika, ukaoza, wakaukata chini ya goti.

Bi Afisa alikuja hospitali kwa matatu mbili, na uji wa mtama kwenye chupa. Alimpa pole, akamnywesha mwenyewe. Halafu akauliza, kwa upole, "Ulikuwa umefika wapi hasa?"

"Nimepita mlango wa kinu, kama hatua kumi."

Akatoa daftari akaandika. Damu ilinichemka. Nilimwambia huyu ni mke wangu, si kichwa cha kuhesabiwa. Sikuwahi kumpandishia sauti kabla ya hapo. Aliifunga kalamu taratibu.

"Ramanini hapo palikuwa na ukingo wa mawe, Dereva," akasema. "Wa kimo hiki." Akaonyesha kwa kiganja, chini kidogo kuliko kitanda. Nikatoka nje.

Baada ya hapo walimhamisha. Aliyeshika mipango ya usafiri miaka yote ile alipelekwa kusimamia makaburi. Gari wakampa mwingine, na mimi nikaenda nalo, nikawa naendesha kweli sasa, mtu mmoja nyuma anasoma simu, mimi mbele, foleni nzima. Nilikwenda kumwamkia mara moja huko makaburini. Nilimkuta amesimama na raba zake akipima njia ya kupitia wachukuzi wa jeneza kwa ile futi ya chuma, kwa kuwa ilikuwa nyembamba na watu waliruka makaburi.

"Bado uko kwenye usafiri," nilimtania.

"Sijatoka," akasema. "Jeneza la msikiti, Dereva, ni moja kwa mtaa mzima. Lampeleka mwenye duka, larudi, lampeleka utingo. Hilo ndilo gari la umma ambalo hapana aliyewahi kulikataa. Na tazama, wote hulipisha njia. Barabara nzima husimama." Alicheka, lakini si kile kicheko cha kushika ukuta.

Niliacha kazi muda wangu ulipofika. Nikanunua gari, la zamani, la kubebea mizigo kidogo. Mke wangu hawezi kupanda matatu, hazingoji mguu mmoja. Kabla hajapandisha ule wa bandia, makanga ameshapiga bati, gari linaondoka. Kwa hiyo nami sasa niko barabarani kila siku ya kliniki, na gari langu.

Bi Afisa nilimwona mwaka jana, mchana, tukitoka kliniki. Alikuwa amesimama stendi ile ile, juani, maana kivuli hakuna mpaka leo. Mwavuli ulikuwa umevunjika ubavu mmoja. Alikuwa amepungua, buibui linamvaa yeye. Ningependa kusema nilisimama, lakini ukweli ni kwamba foleni ilikuwa imesimama yenyewe, nikashusha kioo.

"Shikamoo, Bi Afisa. Panda twende."

"Marahaba, Dereva." Nilijua atakataa. Akainama akatazama ndani, akamwona mke wangu kiti cha nyuma, ule mguu wa bandia ameuvua ameulaza kando yake. Akafungua mlango wa mbele, akapanda.

"Humu mna harufu?" akauliza.

"Hamna. Sijatia harufu garini tangu siku ile."

Akashusha kioo mpaka chini. Tukakaa. Gari halikusogea. Akatoa tasbihi ya mbao kwa mazoea, akatazama gari la mbele, la kando, la nyuma yake. "Mmoja," akasema. "Mmoja. Mmoja. Huyu wawili. Mmoja." Kisha akatutazama sisi. "Nasi watatu." Akaitia tasbihi mkobani.

Nilikuwa nimelibeba neno langu miaka mingi, na sikuona siku nyingine ya kulisema.

"Bi Afisa, mimi ndiye niliyekusihi uende na gari. Na mlangoni pale nilinyamaza."

"Najua."

"Nilitaka wakuheshimu."

"Najua, Dereva." Alikuwa akitazama mbele. "Nami nilitaka waniheshimu. Laiti ingekuwa ni kwa ajili ya mstari wa kijani peke yake. Nilipowaona wanasimama, nilifurahi."

Mke wangu hakuwa amesikia habari hii hata siku moja. Sikuwahi kumwambia. Kiooni niliona macho yake, hayakuwa yamenikazia mimi, yalikuwa yamemkazia yeye. Bi Afisa akageuka nyuma kwa shida, kiuno hakimruhusu.

"Nilikuahidi saruji," akamwambia.

"Uliniahidi," mke wangu akasema. "Nami nilikuwa nangoja kweli."

Matatu nyuma yetu ilipiga honi, na nyingine ikaiitikia. Bi Afisa akafungua mlango.

"Nashuka. Kwa miguu nitafika mbele yenu."

Nilimwambia akae, jua kali, magari mabaya. Alikuwa ameshaweka raba chini. Akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, akaanza kutembea pembezoni kuelekea kinuni, kwenye ule ukanda wa mchanga. Gari dogo likachomoka kwenye foleni likaupanda. Akashuka mtaroni, akangoja lipite, akapanda tena. Likaja jingine. Akashuka, akangoja, akapanda. Nilitaka kutoka nimfuate kama zamani, lakini ningeliacha wapi gari?

"Shusha kioo changu nimtazame," mke wangu akasema.

Nikakishusha. Bi Afisa alikuwa amefika mlango wa kinu. Akapita kama hatua kumi, akasimama, akatazama chini. Akatoa ile futi ya chuma, akaivuta kidogo, akaikunja bila kupima. Kisha akaendelea, na gari jingine likaupanda ukanda nyuma yake, na akashuka tena mtaroni.

Nyuma yangu wakaanza kunipigia honi. Foleni ilikuwa imesogea nafasi ya gari moja. Nikatia gia, nikaijaza nafasi ile, nikasimama.